Naumia, Sio Naumwa

...naumia, sio naumwa, anasema binti wa mitambo kutoka nyuma ya kioo, kwa adabu zote, Mzee wangu, umesema naumwa tena, namwonyesha dole gumba kana kwamba nimeelewa, mara ya sita hii, miaka kumi na tisa naingiza Kiswahili kwenye filamu za watu na sijawahi kurudia neno mara sita, tena neno lenyewe si lolote, shujaa kachomwa mkuki ubavuni, anapiga goti, anasema naumia, basi, hata mtoto wa chekechea angelisema... wa kulaumiwa ni hawa walioandika sehemu ya pili ya filamu hii, ile ya kwanza ilikuwa na ubaya gani, shujaa aligongwa na treni akajikung'uta vumbi, nikamsemea kwa sauti yangu hii, Hata kuwasha haiwashi, watu wakalidaka, mtaani kote naitwa Chuma, nyumbani nikijigonga kwenye meza binti yangu anauliza Umeumia baba, namjibu Hata kuwasha haiwashi, anacheka mpaka anakaa chini, leo wanamtoa damu, eti ndiyo watu watampenda zaidi, nani kawatuma... Mzee, unanisikia? Nakusikia mwanangu. Naumwa ni fupi, ukimaliza wewe mdomo wake bado uko wazi. Kweli, namwona kwenye skrini, picha imesimamishwa hapo, goti chini, mkono ubavuni, kinywa wazi ananisubiri, na ubavu ni uleule, wa kulia, pale pale daktari alipobonyeza wiki iliyopita akauliza Hapa je, nikasema Kawaida tu, huku jasho linanitoka, akasema majibu ni Alhamisi, uje na mtu wako wa karibu, nikamwuliza Wa nini, wa kunibeba? nikacheka peke yangu, yeye akawa anaandika, na mtu wa karibu ni nani kama si mke wangu, ambaye siku ile nilimuaga nakwenda kutengeneza saa, na saa iko mkononi inatembea vizuri tu, mwanamke yule si mjinga, sahani inarudi jikoni na chakula anaitazama, mkanda nimeutoboa tundu jipya kwa msumari, msumari nikauficha, tundu ningelificha wapi, jana kaushika, kapitisha kidole kwenye lile tundu, Baba Chuma, kuna jambo? Hakuna. Kweli? Hata kuwasha hai... akageuka kabla sijamaliza, akautundika, hakucheka, mficha maradhi, aa, niacheni mie na methali zenu, kesho ndiyo Alhamisi...

Tupumzike kidogo mzee? Au tubadilishe neno? anauliza binti, ila naumwa haliingii hapa, mtu aliyechomwa mkuki haumwi, anaumia, anayeumwa ni mgonjwa. Anayeumwa ni mgonjwa, kasema hivyohivyo, kalamu mdomoni, hajui kasema nini, na mimi nimesimama na hedifoni zinanibana masikio, nataka kumkasirikia, hasira haiji, naogopa, loo, kumbe naogopa, naogopa kufa na binti yangu bado ananicheka pale mezani, naogopa kuingia chumba kile kesho peke yangu, haya, nimelisema, kichwani tu lakini nimelisema, na dari iko palepale, haijaniangukia... mara sita nimemwambia huyu mtoto wa watu naumwa, naumwa, naumwa, na mwenye kuambiwa yuko nyumbani anakunja nguo, kumbe sikukosea neno, nimekosea mlango... Hapana mwanangu, usibadilishe, naumia ni la huyu, lile jingine lina mwenyewe, nampelekea leo hii. Unasemaje mzee? Sisemi kitu, washa taa turekodi. Taa inawaka nyekundu, shujaa yuko vilevile, goti chini, mkono ubavuni, kinywa wazi, navuta pumzi, inauma, mkono wangu nao umekwenda ubavuni wenyewe, binti ameuona kupitia kioo, na sijautoa.