Wimbo Ambao Fundi Hakuupima

Kila wimbo wa Machozi ulipita kwanza kwa fundi. Hiyo ilikuwa sheria ya dada na mdogo wake wa kike tangu gitaa lilipokuwa na nyuzi nne badala ya sita. Mdogo alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani, akaimba, dada mtu akasikiliza huku akikunja pindo, na mwisho akasema neno moja kati ya mawili: "Peleka" au "Fumua." Akisema fumua, kazi ya wiki mbili ilifumuliwa na hakuna aliyenuna. Haya, mmoja alinuna kidogo.

Machozi si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na wasikilizaji, maana hakuna aliyetoka kumsikiliza akiwa na leso kavu. Hakuwa na kampuni, hakuwa na meneja wala wacheza shoo. Aliimba kwenye vyumba vidogo bila kipaza sauti, karibu nawe kiasi cha kumsikia akimeza mate. Na kati ya wimbo na wimbo aliwaruhusu watu waulize maswali. Hicho ndicho walichompendea: alijibu.

Jumapili hiyo alasiri aliimba katika chumba cha juu cha duka la vitabu, viti thelathini, vyote vina watu. Fundi alikaa mstari wa pili, ubavuni mwa mama mmoja mnene aliyekuja na pakiti nzima ya karatasi za kufutia machozi, kama mtu anayekwenda kazini. Fundi alikuwa ametulia. Nyimbo zote alizijua. Alijua hata mahali mdogo wake atakapovuta pumzi.

Kisha Machozi akakaza uzi mmoja wa gitaa, akasema, "Huu ni mpya. Hakuna aliyewahi kuusikia."

Fundi akajigeuza kitini. Mpya? Labda alisahau kuuleta, akajiambia; watu husahau. Moyo wa dada mtu una kawaida ya kumtetea mdogo kabla hajashtakiwa.

Ubeti wa kwanza ulikuwa na chumba chenye pazia lililofungwa na mgonjwa asiyepata usingizi. Wa pili ulikuwa na kikombe cha maziwa yaliyopoa, mwezi wa tisa wa kuuguza. Halafu kikaja kiitikio:

*Nikamwambia mama, nimechoka, nenda,*
*naye akanisikia,*
*kama alivyonisikia siku zote.*

Fundi akaganda.

Maneno hayo yalikuwa yake. Aliyasema asubuhi moja, yeye na mama yao peke yao, baada ya miezi tisa ya kumgeuza, kumwosha na kumlisha kwa kijiko. Mchana wake mama akakata roho. Kwa muda mrefu fundi aliamini kwamba amemuua mzazi wake kwa ulimi. Hakumwambia mumewe, hakumwambia rafiki, mpaka siku moja alipofunga mlango wa duka lake la ushonaji akamwambia mdogo wake. "Hili nalizika kwako," alisema. Mdogo akamshika mikono yote miwili. "Limezikwa, dada." Wakalia pamoja, na fundi akapata usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Na Machozi, miezi hiyo tisa, alikuwa wapi? Alikuwa akizunguka na gitaa lake, chumba hadi chumba. Alipiga simu kila Jumamosi. Fundi hakuwahi kumlaumu kwa hilo. Mtu na riziki yake.

Lililomuuma zaidi ni kwamba aliutambua mkono wake mwenyewe katika kazi ile. Mara ngapi alimfumulia mdogo wake nyimbo kwa kosa lile lile? "Wimbo wa 'yule' haumgusi mtu," alimwambia kila mara. "Sema 'mimi.'" Haya, mwanafunzi amefuzu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii fundi aliishona mwenyewe.

Wimbo ukaisha. Chumba kizima kilikuwa kinavuta kamasi. Fundi alikuwa na hasira, ndiyo, na aibu iliyompanda mpaka masikioni, lakini nakuambia, bado alikuwa anamtafutia mdogo wake mlango wa kutokea. Watamuuliza, naye atasema huu ni uchungu wa mtu mwingine, nimeuazima. Wala asimtaje huyo mtu. Neno moja tu lingetosha, na fundi angemsamehe kabla ya kufika nyumbani.

Mwalimu mmoja mwenye miwani akanyoosha mkono. "Ulikuwa peke yako naye?"

Machozi akamtazama dada yake. Alimtazama hasa, si kwa bahati mbaya. Kisha akayarudisha macho kwa mwalimu.

"Peke yangu," akasema. "Miezi tisa."

Fundi akashtukia mkono wake uko juu.

"Alikuwa amelalia ubavu gani," akauliza, "ulipomwambia?"

Aliuliza kwa upole, kama anayemuuliza mteja urefu wa sketi. Yeye alilijua jibu. Ubavu wa kulia, uso ukutani, kwa sababu wa kushoto ulikuwa na kidonda. Alisema na kisogo cha mama yake, na mpaka leo hajui mama alikuwa na uso gani alipoyasikia maneno yale. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata mdogo wake.

Machozi akafungua mdomo, akaufunga. Akainamia gitaa. Mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi polepole, ya kumpa moyo. Wa pili akamfuata, na punde chumba kizima kikawa kimesimama, kikimpigia makofi mwanamke aliyeshindwa kusema kwa uchungu.

Mama mwenye karatasi akamwinamia fundi, macho yake mekundu, akamwekea mkono begani.

"Dada yangu," akamnong'oneza, "mtu aliyeuguza mama yake haulizwi maswali kama hayo."

"Kweli," fundi akasema. "Samahani."