Tamsin Haendi

Nilimkuta Tamsin amejibanza ndani ya kabati la mavazi, katikati ya makoti meupe ya daktari, viatu kavivua na kuvikumbatia kifuani ili asisikike akitembea. Alikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa na kumi na mitatu, na kwenye kipindi cha televisheni tulichoigiza nilikuwa dada yake mkubwa.

"We mtoto, unacheza kombolela humu?" nilimuuliza.

Hakucheka. Tamsin alikuwa mtoto wa kucheka hata kwa kuonyeshwa kidole, lakini siku hiyo alinitazama kama mtu niliyemfumania.

"Corey yuko nje?"

"Yuko. Anakuita. Denny anataka mfanye mazoezi kabla watazamaji hawajaingia."

"Mwambie hujaniona."

"Kwa nini?"

Akaanza kuvuta uzi wa kifungo cha koti moja, taratibu, hadi kifungo kikalegea. "Denny anafunga mlango," akasema. "Anasema waigizaji wakubwa hawana aibu. Anasema nikimwambia mama, wataleta mtoto mwingine, na mama atalia, na kosa litakuwa langu."

Nilichuchumaa mle kabatini, nikamsogelea.

Denny Vorhaus ndiye aliyekitunga kile kipindi cha vichekesho, cha watoto wanaotibu wanyama waliookotwa mitaani. Burbank nzima, mji wetu wa studio, walimpenda. Alijua jina la mbwa wa kila fundi wa taa, na mama wa mpishi alipofariki, Denny ndiye aliyebeba maua mbele. Watoto tulimwita kwa jina la kwanza, naye alituita wafalme na malkia. Mama yake Tamsin, aliyekuwa ametoka Tulsa na masanduku mawili na mtoto mwenye kipaji, alikuwa akisema wazi kwamba Mungu ndiye aliyewaletea Denny.

Mimi nilimjua kidogo zaidi ya hapo. Nilipokuwa na umri wa Tamsin aliwahi kuniita nami mazoezini ofisini kwake, ghorofani. Bibi yangu, ambaye sisi Waarmenia wa Glendale humwita tatik, alinifuata nyuma na mfuko wake wa machungwa. Akaingia, akakaa kwenye kochi la Denny, akaanza kumenya.

"Mama, haya ni mazoezi ya faragha," Denny alimwambia.

"Mimi Kiingereza hapana," bibi akajibu, akamkabidhi ganda.

Bibi alikuwa muuguzi miaka mingi kule kwao Gyumri, na Kiingereza alikijua cha kutosha kugombana na kampuni ya umeme. Siku ile hakuinuka hadi chungwa la mwisho. Denny hakuniita tena. Nilidhani bibi alikuwa akinitia aibu tu, na kwa wiki nzima nilimnunia.

Lakini msimu huu walikuwa wameleta utaratibu mpya. Wazazi na walezi wote wakae chumba cha chini, chenye televisheni na keki, eti hadithi isivuje kabla ya wakati. Bibi alipinga, wakamwambia ni agizo. Kwa hiyo siku ile alikuwa chini, na mama yake Tamsin pia, na juu tulikuwa sisi.

Nilimshika Tamsin mkono. "Vaa viatu."

"Tunaenda wapi?"

"Kwa mwalimu. Tembea kama hakuna kitu."

Darasa letu lilikuwa trela iliyoegeshwa nyuma ya studio. Kila kipindi chenye watoto California huwa na mwalimu wa aina hiyo, wa kuwafundisha na kuwaangalia wasitumikishwe vibaya. Wetu aliitwa Bi. Lindqvist, mwanamke mpole aliyevaa sweta hata kwenye joto, na aliyezoea kuwaomba watu wa studio radhi kwa kuwazibia njia. Nilifunga mlango wa trela, nikamwambia yote. Nilipofika pale pa kufungiwa mlango, Tamsin alidakia mwenyewe. Alieleza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesimulia alivyopoteza penseli. Bi. Lindqvist alivua miwani, akaishika bila kuifuta.

"Umemwambia mtu mwingine, mpenzi?"

"Nimemwambia Arpine kabatini."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Corey, kijana msaidizi wa mwongozaji, redio ya mkononi ikikwaruza kiunoni.

"Hapa ndipo mlipojificha! Tamsin, twende, bosi anakungoja."

"Haendi," nikasema.

"Arpine, leo usinianzishie."

"Nimeshaanza."

"Jamani, watazamaji wako foleni nje, wengine wametoka Nevada! Dakika chache tu za mazoezi."

"Basi Denny aje afanyie hapa, mbele ya mwalimu, mlango wazi. Anaogopa nini?"

Corey alimtazama Bi. Lindqvist amsaidie. Mwalimu alilivuta sweta lake mabegani. Kisha akasimama kati ya Corey na Tamsin. "Mtoto haendi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. "Wala huyu. Nawaondoa wote wawili kazini. Nina mamlaka hayo. Sijawahi kuyatumia, lakini ninayo."

Corey alirudi kinyumenyume. Tukamsikia akinong'ona kwenye redio. Nikampigia bibi simu, nikamwambia kwa lugha yetu maneno machache tu: aje kwenye trela, amchukue mama yake Tamsin, na asimsikilize mtu njiani.

Denny alifika kabla yao. Alikuja akitabasamu, mikono mifukoni, koti lake la bluu la siku za kurekodi limenyooka vizuri.

"Malkia wangu," akaniambia, "nasikia tuna mapinduzi."

"Tamsin hataki kuja kwako."

"Tamsin ana hofu ya jukwaa. Si ndiyo, kipenzi? Njoo tuzungumze."

Tamsin alijificha mgongoni kwangu, akashika mkanda wa gauni langu la kuigizia. Nilihisi akiuvuta. Niseme kweli, nilimwogopa. Nilikuwa nimemjua mtu yule tangu nikiwa sijaota meno yangu yote ya mbele. Yeye ndiye aliyenichagua kati ya watoto mamia, yeye ndiye aliyenifundisha kungoja kicheko kiishe kabla ya kusema mstari unaofuata.

"Unafunga mlango kwa nini?" nikamuuliza.

Tabasamu lilibaki usoni, ila halikufika tena machoni. "Arpine, sikiliza, nakupenda kama binti yangu. Ukitoka kwenye hiki kijitrela na maneno hayo, hakuna atakayekufungulia mlango mji huu. Mtoto msumbufu. Unajua jina hilo linavyonata?"

"Linate."

"Nani atakuamini?"

"Mimi," akasema Bi. Lindqvist.

"Na mimi," ikasema sauti nyuma yake. Bibi alikuwa amefika, anahema, ameshika mkono wa mama yake Tamsin. Siku hiyo Kiingereza chake kilitoka chote. "Mimi nimekujua wewe siku ya kwanza, bwana. Nimeamini jicho lako, si mdomo wako. Sasa pisha njia."

Denny alianza kumgeukia mama yake Tamsin, akamwita kwa jina, akamwambia watoto hubuni mambo mengi. Mama yule alimwachilia bibi mkono. Alipiga magoti mlangoni mwa trela akafungua mikono, na Tamsin akampita Denny mbio, akajitupa kwake. Aliyasema yote tena, sikioni. Mama alipoinua uso, Denny alikuwa ameshageuka anaondoka, hatua za haraka, akizungumza kwenye simu.

Bi. Lindqvist aliwaita polisi. Watazamaji wa Nevada walirudishwa nyumbani bila kuona hata tukio moja.

Ungedhani kuanzia hapo mambo yalikuwa mteremko. Hayakuwa. Kesho yake alikuja nyumbani kwetu wakili wa studio, mwanamke mwenye sauti ya asali. Alisema wanaumia pamoja nasi, wanalichunguza jambo wenyewe kwa ndani, na kwa ajili ya amani ya watoto ingefaa familia zikubali kutozungumza hadharani. Akasogeza karatasi kwa bibi. Kahawa ilikuwa imemwagika kidogo mezani. Bibi akaichukua ile karatasi, akapangusia kahawa kwa utulivu, akaitupa kwenye ndoo.

"Samahani," akasema. "Nilidhani umetuletea kitambaa."

Wakala wangu alipiga simu kunisihi, kisha kunilaumu, kisha hakupiga tena. Kipindi kilifungwa. Watu waliokuwa wakinipa peremende na kunibeba mabegani walinikwepa. Mmoja wao, mpiga kamera niliyempenda sana, alinikuta dukani Glendale nimesimama na mama kwenye rafu ya mikate.

"Hongera, Arpine," akasema. "Umetufukuza kazi sote. Nina mtoto mchanga mimi."

Mama alitaka kujibu, nikamuwahi. "Mimi sikuufunga ule mlango," nikasema. "Na huyo mtoto wako akikua akataka kuigiza, utafurahi kuna mtu aliyeufungua."

Alikaza macho kwenye kikapu chake. Hakuomba radhi, wala mimi sikungoja. Nilipofika garini ndipo nililia, nikamwambia mama asimwambie bibi.

Habari zilipotoka, wengine walijitokeza. Watu wazima sasa, waliocheza kwenye vipindi vya Denny zamani: mmoja mwuza magari huko Arizona, mmoja mama wa watoto watatu. Kila mmoja alidhani alikuwa peke yake. Wapelelezi walifanya kazi yao, na kesi ikafika mahakamani nikiwa na miaka kumi na mitano.

Wakili wa Denny alinihoji asubuhi yote. Alikuwa mpole mpaka ikaudhi.

"Arpine, wewe ni mwigizaji hodari, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Unaweza kulia ukiambiwa ulie?"

"Naweza."

"Kwa hiyo kazi yako, tangu utotoni, ni kuwafanya watu waamini jambo lisilo la kweli."

Denny alikuwa ameketi pale, koti la kijivu, ananitazama vilevile alivyokuwa akinitazama nyuma ya kamera, kama anangoja nikosee mstari. Nikamtazama yeye nilipojibu, si wakili wake.

"Kazi yangu ilikuwa kusema maneno aliyoniandikia yeye," nikasema. "Haya ya leo ni yangu. Ndiyo maana hayapendi."

Chumba kiliguna. Jaji aliagiza kimya. Tamsin hakulazimika kukaa mbele ya Denny. Walichukua ushahidi wake kwenye chumba kingine, mama yake akiwa kando. Tulipotoka nje nilimwona kwa mbali akila barafu ya kijiti, amerefuka, nywele kakata fupi kabisa. Alininyooshea dole gumba.

Denny alikutwa na hatia kwa mashtaka mengi, si yote. Alifungwa, na bado yuko ndani. Mengine waamuzi, wale raia walioteuliwa kusikiliza kesi, hawakukubaliana, na yule mwuza magari wa Arizona alitoka mahakamani bila kusema na mtu. Siku ile bibi hakupika chakula cha sherehe. Alipika dolma, majani ya mzabibu yaliyojazwa nyama na wali, kama Jumapili yoyote, akatuambia tule.

Sikupata kazi ya televisheni kwa muda mrefu. Jina la msumbufu linanata kweli, Denny hakudanganya hapo. Nilimaliza shule ya kawaida, yenye kengele na chakula kibaya, nikajiunga na kikundi cha maigizo cha Waarmenia mtaani kwetu. Bi. Lindqvist bado anafundisha. Nasikia siku hizi hamwombi mtu radhi, na waongozaji wapya wanaonywa juu yake kabla hawajakutana naye.

Tamsin na mama yake walirudi Tulsa. Kwa miaka nilimtumia salamu za siku ya kuzaliwa bila kupata jibu, nami sikumlaumu. Huenda sura yangu ilimrudisha kule. Kisha masika haya akanipigia.

"Dada mkubwa," akasema, kama zamani kwenye kipindi. Sauti ilikuwa ya msichana wa miaka kumi na saba. "Shuleni tunaigiza. Nimepewa nafasi ya mhusika mkuu. Mama alisema si lazima, mwanasaikolojia wangu alisema si lazima, kila mtu anasema si lazima."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema jukwaa lilikuwa langu kabla hajaja yeye. Mbona nimwachie?"

Nilimchukua bibi, ambaye sasa anatembea na fimbo na hapendi kupanda ndege, tukaenda Tulsa. Ukumbi ulikuwa wa mazoezi ya viungo, viti vya kukunja, taa moja ikiwaka na kuzima inavyotaka. Tamsin alitoka akiwa amevaa ndevu za nahodha, akasahau mstari wake wa kwanza kabisa. Mkono wa bibi ulinikaba kifundo cha mkono.

Tamsin alizitazama ndevu zake, akaukuna uso, akautazama ukumbi.

"Subirini," akasema kwa sauti kubwa. "Siendi popote. Nitakumbuka sasa hivi."

Watu wakacheka, naye akasubiri kicheko kiishe, hana haraka yoyote, kisha akaendelea.