Pole Sana ya Zadock

Zadock alijiona fundi. Tovuti ya kampuni ya mizigo ya Madam Kawthar, pale Al Ras, ughaibuni, ilikuwa na tabia mbaya: ikishindwa kuifikia hifadhidata, inamokaa orodha ya mizigo yote, ilimtupia mteja ukurasa mweupe wenye mistari ya Kiingereza ambayo hata Mwingereza angeikimbia. Madam, ambaye kwao ni Unguja kama wateja wake wengi, alimwagiza aweke ukurasa wa heshima, kwa Kiswahili.

Kipindi cha Zadock cha majaribio kazini kilikuwa kinaisha Ijumaa, na asipopewa mkataba angerudi kwao Vihiga mikono mitupu. Kwa hiyo alijituma kwelikweli. Aliweka rangi ya buluu, nembo ya kampuni, na maneno makubwa: "POLE SANA. Mzigo wako haupatikani. Jaribu baadaye." Akautazama ukurasa wake, akatabasamu peke yake kama aliyeposa akakubaliwa.

Jumatano asubuhi hifadhidata ikagoma kwa dakika arobaini. Simu za ofisi hazikupumzika.

"Zadock!" Madam aliita, simu mkononi. "Bi Kijakazi yuko Unguja analia. Anangoja vyombo vya harusi ya bintiye. Kasoma ukurasa wako, anasema mzigo umezama. Majirani wamejaa ukumbini wanampa mkono wa rambirambi!"

"Lakini madam, nimeomba msamaha tu. Nimesema pole."

Madam alimkodolea macho. "Pole anapewa aliyefikwa na msiba, mwanangu. Aliyekosa husema kumradhi. Huko kwenu mtu akikukanyaga anakwambia pole?"

"Ndiyo, madam."

"Makubwa haya!" Madam alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Akamkabidhi simu. "Haya, mtulize mwenyewe."

Jasho lilimtoka Zadock na kiyoyozi kinavuma. Aliiona Vihiga hiyo hapo. "Halo, mama... pole sana, mzigo wako..."

Madam akajipiga paji la uso. Upande wa pili Bi Kijakazi, aliyeyasikia yote simuni, akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hiyo ya pili sasa! Mzigo wangu upo, au ndio khalas, umeshazama?"

"Upo, mama. Uko salama kabisa. Ni orodha yetu iliyogoma kufunguka."

"Basi si ungeandika hivyo!"

Akaandika hivyo hivyo, mchana ule ule: "Kumradhi, kosa ni letu. Orodha haifunguki kwa sasa. Mzigo wako haujapotea."

Ijumaa hifadhidata ikagoma tena, saa nzima. Safari hii simu haikulia hata moja. Zadock alikuwa ameanza kupumua pale Madam alipokuja mezani kwake na bahasha, uso ameukunja.

"Pole sana, Zadock," alisema.

Sasa alilijua neno lile kwa Kiunguja, akaiona Vihiga tena. Akafungua bahasha. Ulikuwa mkataba wa ajira, umeshatiwa saini.

"Sasa pole ya nini, madam?"

"Miaka miwili mingine na mimi," alisema Madam Kawthar. "Hujafikwa wewe?"