Simu Kifuani mwa Mama Mkwe

Fundi wa vioo alikihurumia kioo kuliko roho yake. Kila kipande alikifunika blanketi, akakisimamisha nyuma ya pikapu, akakikaza kwa kamba hadi kisitikisike. Kisha akaingia mbele, akaiweka simu pajani, akawasha gari.

Siku hiyo alikuwa amempa lifti mama mkwe wake, muuguzi mstaafu aliyezeeka akifunga vidonda vya ajali. Hawajafika hata njia panda, simu ikaita. Jamaa akainamisha macho, na hapo hapo mtu wa baiskeli akawa anavuka. Mama mkwe akapiga ukelele, breki zikalia, baiskeli ikapona chupuchupu. Mwenye baiskeli akawaporomoshea matusi, na yalikuwa haki yao.

"Lete hiyo simu," mama mkwe akasema.

"Mama, ni mwanao anapiga. Nisipopokea atadhani niko na mwanamke."

"Si kweli uko na mwanamke? Mimi hapa. Lete."

Akaichukua, akaisokomeza ndani ya blauzi, kifuani. Hapo alimmaliza. Mkwe gani mwenye akili zake atatia mkono pale? Fundi akashika usukani kwa mikono miwili. Hofu yake haikuwa ya mzaha. Majuzi tu mkewe alifungasha nguo zake kwa sababu ya simu isiyopokelewa, na kumbembeleza arudi kulimtoa jasho.

"Vioo umevifunika blanketi," mama mkwe akasema. "Mimi umenifunika nini?"

Fundi akapunguza mwendo.

Simu ikaita tena. Mama mkwe akaitoa, akaipokea kwa ile sauti yake ya wodini.

"Mumeo anaendesha gari."

"Mama? Mbona hapokei mwenyewe?"

"Nimekwambia anaendesha. Sasa hivi nusura aue mtu kwa ajili yako. Nimeshona vichwa vya watu waliosema 'haloo' tu, mwanangu, na wengine waliletwa hawana cha kushonwa tena. Unataka jibu au unataka mume?"



"Nataka mume," binti akasema, sauti imeshuka.

"Basi ngoja afike."

Kesho yake asubuhi mama mkwe hakuwepo. Fundi akapakia vioo, akafunga kamba, kisha akaitumbukiza simu kwenye sanduku la vifaa kule nyuma. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anamtazama.

"Kwa hiyo nikipiga hutasikia."

"Sitasikia. Nikifika nitapiga mimi." Akashika kitasa cha mlango wa gari. "Ukitaka kufungasha, mke wangu, fungasha. Nitakufuata huko huko kwenu, nikiwa na miguu yangu yote miwili."

Mke akamkazia macho. Kisha akashuka kizingiti, akaja mpaka kwenye pikapu, akafunga sanduku yeye mwenyewe.