Ukuta wa Bi Mwanarusi na Bi Khola

Mlango wa chumba cha Bi Mwanarusi ulianza kukataa kufungika mwaka ule mvua za vuli zilipozidi. Seremala akaitwa, akaupiga randa, ukafungika. Baada ya Ramadhani ukakataa tena. Mara hii seremala aliutazama mlango, akautazama ukuta, kisha akairudisha randa ndani ya kikapu na kumwambia kwa adabu kwamba mlango hauna kosa. Inayokwenda ni nyumba.

Bi Mwanarusi hakulipenda neno hilo. Nyumba ile ya mtaa wa Kuze alizaliwa ndani yake, akaolewa ndani yake, akamzaa Zuwena ndani yake. Miaka yote aliyouza leso Biashara Street alikuwa akirudi jioni akaikuta pale pale alipoiacha asubuhi. Nyumba iende wapi? Lakini alipopanda ghorofani akalisogeza kabati, aliona ufa umeshuka kutoka darini hadi sakafuni, mpana wa kuingia kiganja. Akakitia kiganja, akakitoa upesi kama aliyegusa kaango la moto, akampigia simu Zuwena.

Zuwena alikuja na Mbeyu, injinia wa majengo, mwanamke mfupi mchangamfu, mzaliwa wa Kaloleni, ambaye kazi yake ilikuwa kuimarisha nyumba za kale. Mbeyu alizunguka vyumba vyote akigonga kuta. Akachimba kishimo pembeni mwa ukuta, akalala kifudifudi kuchungulia. Alipoinuka alikuwa na chokaa puani na habari kamili. Ukuta wenyewe wa mawe ya matumbawe ulikuwa mzima. Ubaya ulikuwa chini. Waliojenga zamani waliuweka msingi juujuu, na sasa udongo ulikuwa ukididimia, nao ukuta ukiufuata.

"Tutauongezea msingi kina," alisema Mbeyu. "Twachimba chini ya ukuta kipande kimoja, twajaza zege, twangoja likaze, ndipo twahamia kipande kingine kilicho mbali na kile. Hatuchimbi viwili vilivyo jirani kwa pamoja. Hivyo ukuta wakati wote una mahali pa kukanyaga."

Bi Mwanarusi alimwelewa vizuri. Kilichomfurahisha zaidi ni pale Mbeyu alipoongeza kwamba, maadamu wanachimba, ile stoo ya chini ambayo mtu huingia ameinama ingeweza kushushwa sakafu ikawa chumba kamili. Papo hapo alikiona chumba chenyewe, chenye ubaridi mchana kutwa, cherehani yake pembeni na makasha ya leso yamepangwa ukutani. Akauliza kazi itaanza lini.

Mbeyu alisema itaanza mara tu atakapopata ruhusa ya jirani, kwa sababu ukuta ule ni wa nyumba mbili, na nusu ya mashimo lazima yachimbwe kutoka upande wa pili.

Zuwena akainua macho akaitazama dari. Bi Mwanarusi akakumbuka kwamba kuna chungu jikoni.

Upande wa pili alikaa Bi Khola. Wanawake hao wawili walikuwa wamesoma chuo kimoja cha Kurani, wakapakana hina kwenye harusi zao, wakaleleana watoto. Kisha Athman, mwana wa Bi Khola, akamposa Zuwena, na kabla ya nikaha vijana wenyewe wakakaa wakaona hawawezani, wakaachana kwa wema. Athman akaoa Malindi, Zuwena akaolewa Nyali, na mpaka leo hupigiana simu na kutumiana picha za watoto. Mama zao ndio waliobaki na kinyongo. Kila mmoja aliamini kwamba mwanawe ndiye aliyekataliwa, na tangu hapo hapakuwa na salamu kati ya milango hiyo miwili.

Bi Mwanarusi alimtuma Mbeyu aende akaombe. Mbeyu alikwenda, akanyweshwa kahawa, akalishwa kaimati, akarudi na jibu kwamba Bi Khola hana neno na kazi, ila mwenye haja aje mwenyewe.

Siku hiyo Bi Mwanarusi hakwenda. Wala ya pili yake. Alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Lakini usiku alilala akiufikiria ule ufa, na kulipokucha alivaa buibui lake jipya, akatoka, akapiga hatua chache za kichochoro ambazo kwake zilikuwa ndefu kuliko njia ya kwenda Malindi, akabisha hodi.

Bi Khola alifungua mwenyewe. Alikuwa amezeeka. Bi Mwanarusi alishtuka kuliona hilo, kisha akashtuka zaidi kwa kujua kwamba mwenziwe naye alikuwa akilitazama lilo hilo usoni mwake.

"Sabalkheri, Khola."

"Sabalkheri. Karibu. Vua viatu uangalie unapokanyaga, sakafu yangu imelala upande."

Ilikuwa imelala kweli. Miguu ya meza ilitiwa vipande vya mbao isiyumbe, na kabati la vyombo lilifungwa kamba kwenye msumari. Nyuma ya kabati hilo kulikuwa na ufa, ndugu wa ule wa Bi Mwanarusi. Bi Khola alikiri kwamba umekuwapo kwa muda mrefu, na kwamba hakumwambia hata Athman.

"Kwa nini usiniambie mimi?" aliuliza Bi Mwanarusi.

"Nikwambie vipi? Ningalikwambia, ungalisema nyumba yangu ndiyo inayokuangusha."

Bi Mwanarusi alifikiri kidogo, akaona kwamba hasa hivyo ndivyo angalivyosema. Kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Bi Khola alijikaza, akashindwa, akaketi kwenye ngazi akacheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa leso. Ruhusa ilipatikana hapo, ingawa hakuna aliyeitaja.

Kazi ikaanza. Msimamizi wa mafundi alikuwa Kioko, pande la mtu kutoka Machakos, aliyekuwa na sauti ya upole na tabia ya kuuambia ukuta pole kila alipoupiga mtaimbo. Walisimamisha nguzo za chuma kuishika sakafu ya juu, kisha wakachimba shimo moja kwa Bi Mwanarusi, likajazwa zege. Lilipokaza, ile nafasi ndogo iliyobaki kati ya zege na mawe ya zamani ikashindiliwa saruji nzito hadi lisibaki pengo la kupita ukucha. Wakahamia kwa Bi Khola. Wenye nyumba walikatazwa kukaa karibu na ukuta, kwa hiyo walitoka nje wakaketi kila mmoja kwenye baraza yake, wakitupiana jicho. Mwanzoni walizungumza kwa kumpitia Kioko. Mmoja humwambia Kioko kwamba chai ya leo imezidi tangawizi, na mwingine humwambia Kioko kwamba asiyeitaka asinywe. Baadaye Kioko akawa na kazi nyingi, wakalazimika kuambiana wenyewe.

Walipofika katikati ya ukuta, mtaimbo wa Kioko ulizama. Aliusukuma kidogo tu, ukamponyoka ukaenda zake, na baada ya kitambo ukasikika ukianguka majini. Kioko alitoka shimoni polepole, akawatoa wenziwe, akamwita Mbeyu.

Kilikuwa kisima. Hapana aliyekijua. Watu wa zamani walikifunika kwa magogo na udongo, waliofuata wakajenga ukuta juu ya kifuniko, na magogo yalikuwa yameoza. Udongo wa nyumba zote mbili ulikuwa ukimomonyoka kuelekea mle, kidogo kidogo, kila mvua inaponyesha. Mbeyu aliwatoa watu wote katika nyumba zile. Uso wake haukuwa na mchezo. Alisema kisima lazima kijazwe mawe na zege kabla ya mvua ya masika, na mawingu yalikuwa tayari yamekusanyika upande wa Kilindini.

Mawe yaliletwa na lori hadi barabarani, kisha hamali wakayasukuma kwa mikokoteni hadi mdomo wa kichochoro. Hapo mikokoteni ikagoma, maana kichochoro chenyewe hupita mtu na kikapu chake, basi. Mafundi wakaanza kubeba jiwe moja moja mabegani. Bi Mwanarusi, aliyekuwa amesimama na mkoba wake akingoja Zuwena aje amchukue, aliona kwamba kwa mwendo ule mvua ingewahi.

Akaweka mkoba chini, akazifunga ncha za buibui kiunoni, akapokea jiwe kwa Kioko. Akageuka ili ampe mtu wa pili. Mikono iliyonyooshwa ilikuwa ya Bi Khola.

"Polepole," alisema Bi Khola. "Mgongo huu hatuna wa kubadilisha."

Kutoka hapo mstari ukajiunga wenyewe. Wanawake waliteremka kutoka ghorofani, wenye maduka wakafunga nusu mlango, walimu wa madrasa iliyo jirani wakakunja kanzu. Mawe yakapita mkono kwa mkono toka mdomo wa kichochoro hadi shimoni, na mtu fulani akaanzisha wimbo wa harusi kwa kuwa ndio uliofuata vizuri mwendo wa mikono. Bi Mwanarusi aliumwa na viganja, jasho likamwingia machoni, na moyo wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba alimwonea haya mtu yeyote ambaye angemtazama. Mvua ilipoanza kunyesha, zege la juu lilikuwa limekwisha kufunikwa turubai. Watu wakakimbilia barazani wakiwa weupe kwa vumbi la mawe, wakagawana chai.

Zege la kisimani lilipokaza sawasawa, Mbeyu akapitisha juu yake boriti ya zege yenye nondo. Vipande vilivyosalia vikachimbwa na kujazwa bila kioja kingine, na nyufa zikazibwa kwa chokaa. Mwisho kabisa ikashushwa sakafu ya stoo. Chumba kilipokauka, Bi Mwanarusi aliwaalika mafundi wote, akawapikia pilau, na Kioko akala akiwa amesimama wima katikati ya chumba, kichwa hakigusi dari, apate kuonyesha kazi yake.

Bi Khola alikizunguka chumba kile akikipapasa. Alisema ni kizuri. Kisha akamuuliza Mbeyu kama na yeye hawezi kuchimbiwa kama hicho upande wake, ila kirefu zaidi kwenda chini.

"Kirefu zaidi cha nini?" aliuliza Bi Mwanarusi.

"Kiwe na ubaridi. Hiki chako kina joto."

"Joto lipo wapi? Khola, wewe umesimama karibu na sinia la pilau."

Mbeyu akaeleza kwamba ukuta haukubali kuchimbwa chini ya pale msingi mpya ulipofika, upande wowote ule, na kwamba Bi Khola akitaka chumba, kina chake kitakuwa sawa na cha hiki. Lakini hapakuwa na mtu wa kumsikiliza. Wale wawili walikuwa wameshika kila mmoja mkono wa mwenziwe, wakivutana kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine, wakibishana ni wapi penye ubaridi na ni wapi hapana, na Kioko akaenda kujiongezea pilau.