Pua ya Mama

Fundi wa mafuta alikuwa amesema mpaka koo likamkauka. Pampu ileile haiwezi kusukuma mafuta ya mitambo asubuhi, halafu mchana isukume mafuta ya kulainishia katani. Haiwezi, harufu itahamia kwenye katani! Lakini nani wa kumsikiliza, siku hizi kiwanda kina mpaka lifti?

Zamani walikuwa yeye na mdogo wake na banda moja la bati, wakipika grisi na kuwauzia wenye mashine za kusokota katani. Wakaona kwa nini na sisi tusisokote, tufume na magunia? Katani hailainiki bila mafuta, na mafuta wanayo. Sasa kuna majengo manne, zamu mbili, na mdogo mtu anaitwa mkurugenzi.

Walikuwa na desturi yao. Ukishashinda na mafuta mwaka mzima, pua imekwisha, husikii tena harufu yake. Kwa hiyo kila mchanganyiko mpya, fundi alifunga shungi la katani kwenye karatasi safi, akampelekea mama yao nyumbani. Mama hakuwahi kukanyaga kiwandani, makusudi kabisa, ili pua yake ibaki salama. Akisema "safi", magunia yanatoka.

Juzi Mama alinusa, akakunja uso. "Hii inanuka mashine, mwanangu."

Na magunia yenyewe elfu kumi, ya kahawa, na kahawa hudaka kila harufu! Mnunuzi akiyakataa, zamu ya pili inafungwa, akina mama arobaini wanarudi nyumbani. Fundi akamweleza mdogo wake yote hayo. Mdogo mtu akacheka.

"Kaka, tuna maabara sasa. Pua ya Mama tumeistaafisha."

"Maabara yako inapima uzito wa mafuta, haipimi harufu!"

"Mama ni mtu mzima bwana. Siku hizi hata maji yanamnukia."

Loo! Hapo fundi akapandwa na hasira, na hasira hasara. Alikwenda mbio nyumbani, akamchukua Mama, akamwingiza mpaka ghalani, mbele ya mkurugenzi na wapakiaji. Lori lilikuwa limeshajaa, linanguruma.

"Nusa, Mama. Waambie!"

Mama akainamia gunia, akanusa. Akanusa tena. Akanusa ukuta, akanusa shati la fundi. Machozi yakamlenga.

"Mwanangu, humu kila kitu kinanuka mashine. Nitatenganishaje?"

"Si umesikia mwenyewe?" mkurugenzi akasema, akampungia dereva mkono. Lori likaondoka.

Fundi alijishika kichwa. Miaka ishirini ameilinda pua ile, leo kaja kuiharibia kazi mwenyewe, kisa kutaka kushinda ubishi.

Wiki ya tatu magunia yalirudi yote, hata moja halikubaki. Jioni moja mkurugenzi akabisha hodi kwa Mama, shungi la katani mkononi, sauti imeshuka.

"Mama, tumebadilisha pampu. Hebu ninusie hii, tujue kama tumepona."

Mama hakulipokea. "Kaoge kwanza, mwanangu, ubadili na nguo. Kaka yako miaka yote ile hakuniletea shungi kabla hajaoga."

Fundi alikuwa jikoni, akayasikia yote, na wala hayakumfurahisha. Zamu ya pili ilikuwa imefungwa asubuhi hiyohiyo, na aliyetumwa kwenda kuwaambia wale akina mama alikuwa yeye.