Vijidudu Waliohamia Sebuleni

Asubuhi hiyo Mama Fundi, mwangalizi wa mtambo wa kusafisha majitaka, alichota maji ya bwawa kwa chupa ya kioo, akaiweka dirishani na kusubiri tope litulie. Ndivyo alivyopima afya ya vijidudu wake waliokula uchafu wa bwawa. Wakiwa wazima, tope huzama lenyewe, maji ya juu hubaki maangavu na chupa hunukia udongo uliopata mvua. Akawasalimu, kama anavyofanya kila anayeingia zamu pale, maana asiyesalimu hurushiwa povu.

"Hamjambo, wanangu?"

Tope halikuzama. Bwawa lilikuwa zambarau, na nyayo ndogo mbichi zilitoka ukingoni zikaelekea getini. Kiwanda cha rangi cha jirani kilikuwa kimeosha matangi yake tena.

Aliwakuta nyumbani kwake. Walijaa kwenye beseni la kufulia, kwenye ndoo na kwenye sufuria kubwa, na waliokosa nafasi walikaa kwenye kochi, wakiloanisha vitambaa. Mumewe alikuwa amewawashia redio.

"Wageni wako hawana makuu," mume alisema. "Hata sinki wamelizibua."

"Shikamoo, mama," wakasema wote kwa pamoja.

"Marahaba. Mbona mmeondoka bila kuaga?"

"Wametumwagia tena. Wenzetu wengi wamebaki kule chini. Hatukuja kulalamika, tumechoka kufa tu."

Mama Fundi aliwakorogea maji ya sukari, dawa aliyozoea kuwapa kila wakifiwa. Aliwahurumia. Miaka nenda miaka rudi walikula uchafu wa mji mzima bila kununa, na malipo yao yalikuwa hewa waliyopuliziwa na pampu bwawani.

Akaenda kwa meneja. Ofisi ilikuwa imepakwa rangi mpya, ya zambarau.

"Waliomba likizo?" meneja aliuliza.

"Hapana."

"Basi warudi kazini. Uchafu wa watu ataula nani, mimi?"

"Na kiwanda, bosi?"

"Kiwanda tumeshaongea nacho. Ni watu waelewa sana." Akaendelea kunywa chai.

Bwawa likiwa tupu, majitaka yalitoka mtamboni kama yalivyoingia, yakashika njia ya mtoni. Huko mto unakoteremkia ndiko alikoishi binti yake Mama Fundi na mtoto mchanga. Bomba la mtaa wao lilikauka zamani, wakabaki na mto.

Haukupita muda binti akapiga simu.

"Mama, mtoto anaharisha. Maji yananuka, sijui kuna nini huko kwenu."

"Usiyatumie, mwanangu."

"Nitumie yapi?"

Binti akakata simu. Mama Fundi akaingia sebuleni, akazima redio.

"Wanangu, mjukuu wangu anaumwa."

Hawakumwacha amalize. Wao ndio waliojua kuliko yeyote kilichokuwa kikiingia mtoni.

"Tukirudi, kiwanda kitaacha?" wakauliza.

Alitamani kuwadanganya, akashindwa. "Hakitaacha."

Walinong'onezana kidogo. Kisha wakashuka kwenye kochi, wakatandika vitambaa vizuri na kujibana beseni moja. Akajitwika beseni kichwani, njia nzima likimdondokea shingoni, wala hakufuta hata tone. Alipowamimina bwawani walimwambia asante kwa sukari.

Tope likaanza kuzama. Maji yakawa maangavu. Mtoto akapona, binti akapiga simu akicheka. Mama Fundi alicheka naye, kisha akaenda nyuma ya pampu akalia.

Kiwanda kikaosha matangi yake. Safari hii hapakuwa na nyayo.

Likaja lori la tope kutoka mtambo wa mji mwingine, kama ilivyo kawaida bwawa likifa. Vijidudu wapya waliteremka kwenye bomba wakipiga soga, wakisukumana, wengine wakiulizia upande wenye hewa nzuri. Walipomwona Mama Fundi ukingoni wakanyamaza kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Sisi wageni. Hapa pakoje?"

Simu ilikuwa mfukoni mwake. Tangu asubuhi ilikuwa haijaita kumwambia mtoto anaharisha tena.

"Marahaba. Karibuni, wanangu," akasema. "Hapa pazuri tu."

Akawafungulia hewa.